Pumzi ya Redio

Jina lake la kuzaliwa analijua mama yake na karani aliyemwandikia kitambulisho. Wengine wote, mumewe akiwemo, wanamwita Redio, na ukikaa naye kidogo tu huulizi kwa nini.

Redio ni msusi. Saluni anayofanyia kazi iko ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi, na nafasi yake ni ile ya dirishani, penye mwanga mzuri na barabara yote kuonekana, habari zisije zikampita. Nafasi hiyo hakuiokota. Alianza kwa kufagia nywele, akapandishwa kwenye beseni la kuoshea, akahamia mlangoni kwenye vumbi na upepo, akakaa huko mpaka siku msusi wa dirishani alipoolewa mbali. Bibi harusi hajamaliza kupanda gari, Redio alishahamisha chanuo zake.

Sasa mjue anavyofanya kazi, maana bila hilo hamtaelewa yaliyompata. Wasusi wengine wanahesabu mistari. Redio hahesabu kitu. Redio anasuka kwa kisa. Ukitaka mistari iliyolala kwenda kisogoni, unapewa kisa cha mjomba aliyejifungia chooni siku aliyokwenda kuposa. Ni kisa cha taratibu. Mjomba anaoga kwenye sikio la kushoto, anavaa suti ya kuazima Redio akipanda kuelekea utosini, anabisha hodi kwa wakwe katikati ya kichwa, mlango wa choo unagoma kufunguka upande wa kulia, na ukifika sikio la kulia, wakwe wanaleta shoka. Ukitaka mistari ya kupanda juu ifungwe fundo, unapewa kisa cha godoro lililopeperuka kutoka juu ya gari. Hicho ni cha mbio. Godoro linapaa, watu wanalikimbiza, na vidole vya Redio navyo vinakimbia kupanda juu. Kisa kikiisha, kichwa kimeisha. Wateja walikuwa wanavijua visa vyote kwa moyo na bado wanacheka palepale pa kuchekea, kama watu walioambiwa jana.

Kwa hiyo mdomo wa Redio na mikono yake ni mke na mume. Mmoja akinuna, mwenzake hafanyi kazi.

Korona ilipopita mjini ilimpitia na yeye. Homa, kikohozi, mwili kuuma kama amepigwa na kundi la watu. Hakulazwa hospitali wala kuwekewa mashine ya kupumulia. Alilala nyumbani, akatoa jasho, akaamka, akarudi kazini, na siku aliyorudi Kinyozi alimpigia debe la maji kwa kitana kama anakaribisha mgeni wa serikali.

Huyo Kinyozi naye mumjue. Kijana mrefu, mikono mirefu, ulimi mrefu kuliko vyote, ananyoa wanaume nyuma ya pazia kwenye kona ya saluni hiyohiyo. Akimaliza kumnyoa mtu anampaka manukato shingoni. Zamani alikuwa anapaka. Siku hizi alikuwa anamwagilia kama bustani, mpaka muuza misumari kule chini anapiga chafya na kusema, "Huyo katoka kunyolewa."

Basi, Redio amerudi kazini, kila mtu kafurahi, na ngazi zikaanza visa. Ngazi zilikuwa zilezile, lakini ilikuwa kama mtu ameziongeza alipokuwa kitandani. Katikati ya kupanda, pumzi inakwisha na moyo unapiga kama unataka kutoka uende zake. Redio akabuni ujanja. Anainama, anajifanya anafunga viatu.

"Dada Redio," Kinyozi akamwambia siku moja akimpita kwa kuruka ngazi mbilimbili, "siku hizi kandambili nazo zina kamba?"

"Nafunga kamba za mdomo wako. Pita!"

Alimjibu sawasawa, lakini baada ya jibu hilo ilibidi akae chini.

Mengine yakafuata. Akisimama kwa muda, kichwa kinazunguka. Maneno yanapotea. Chanuo akaanza kuiita "kile kidude," na mkasi "kile kidude kingine." Akiosha vyombo nyumbani anachoka kama aliyelima. Miezi ilikuwa imeshapita, watu wametupa barakoa, hakuna aliyekuwa akiongelea korona tena isipokuwa kwa kusimulia, na yeye ndiyo kwanza anapungua. Hakumwambia mtu. Msusi anayesema amechoka, wateja wanaanza kumtazama mwenzake.

Majirani hawahitaji kuambiwa. Mmoja alileta majani ya kujifukiza. Mwingine akaleta kitunguu saumu. Wa tatu akasema huo ni uvivu, na huyo hakuleta kitu.

Mumewe aliona. Yeye ni seremala, mtu wa maneno machache, maana maneno yote ya nyumba ile yana mwenyewe. Jioni alikuwa anamwangalia mkewe akila kimya, kijiko kinakwenda na kurudi bila habari hata moja ya barabarani, na yeye seremala chakula kinamshinda. Kimya cha Redio kilimtisha kuliko kikohozi.

Mambo yaliharibikia kwenye kichwa cha Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu ni mwanamke wa shule ya msingi iliyo mtaa wa nyuma, mnyoofu kama rula, mteja wa Redio wa siku nyingi. Kila mara anasuka mtindo mmoja, mistari ya kulala kisogoni, na kila mara anasinzia mjomba akiwa bafuni. Jioni hiyo Bosi, mwenye saluni, alikuwa amekwenda kununua mafuta ya nywele. Redio alikuwa amesimama tangu asubuhi. Akaanza upande wa kushoto, mjomba akaoga vizuri, akavaa suti vizuri, akatembea mpaka kwa wakwe.

"Mjomba akafika mlangoni," Redio akasema. "Akafika mlangoni. Akafika... mlangoni."

Hakuna kitu. Kisa alichokisema mara zisizo na idadi kilikuwa kimefutika, kama mtu kapitisha kitambaa ubaoni. Hakumbuki nani yuko ndani wala mjomba amefuata nini pale. Mikono ikasimama hewani. Na kwa kuwa hawezi kusuka kimya, alishika kisa cha kwanza kilichokuja. Kikaja cha godoro. Godoro likapaa, vidole vikalifuata. Alipomaliza, jua limekwenda, miguu inatetemeka, akamfunga Mwalimu kitambaa kichwani, akamwambia, "Usikifungue mpaka asubuhi, mistari ilale vizuri."

Kesho yake kengele ya mapumziko haijamaliza kulia, Mwalimu Mkuu alishapanda ngazi. Akasimama katikati ya saluni.

"Redio, njoo usimame hapa kushoto kwangu. Unamwona nani?"

"Nakuona wewe, Mwalimu."

"Haya. Njoo huku kulia. Unamwona nani?"

Redio akahamia kulia. Kushoto alikuwa mwalimu mkuu, mistari imelala, mtu wa heshima zake. Kulia alikuwa msichana anayekwenda kwenye sherehe, mistari imepanda juu, fundo limesimama kama linaitwa.

"Asubuhi nimesimama mbele ya watoto," Mwalimu akasema. "Walio kushoto wameniamkia. Walio kulia wameniuliza mwalimu mgeni anafundisha somo gani."

Nyuma ya pazia Kinyozi alicheka mpaka mteja wake akapiga kelele, "Angalia sikio langu, wewe!"

Bosi hakucheka. Ni mwanamke mnene, mpole, anayeongea kwa sauti ya chini hata akikufukuza. "Samahani sana, Mwalimu. Nitakupa msusi mwingine akurekebishie sasa hivi."

"Hapana. Aliyeharibu ndiye atakayetengeneza. Shuleni kwangu ndiyo sheria, na kwenye kichwa changu ni hiyohiyo. Jumamosi ijayo ni siku ya wazazi. Nitakuja Ijumaa. Mpaka hapo nitavaa kilemba."

Alipoondoka, Bosi akamvuta Redio pale kwenye beseni la kuoshea, akafungua bomba ili watu wasisikie.

"Mwenzangu, umekuwa na nini?"

"Nina nini? Sina kitu."

"Unamaliza vichwa vichache, unakaa kila saa, na jana umemsuka mtu mmoja kama watu wawili. Kuna mwanamke ameshakuja mara ya pili kuulizia nafasi. Mikono yake nimeiona, ni mizuri. Sasa sikiliza. Ijumaa nitakaa hapa mwenyewe, sitoki. Kichwa cha Mwalimu kikitoka sawa, dirisha ni lako. Kisipotoka sawa, nampa yule, na wewe uende nyumbani ukapone kwanza."

"Nimeshapona!" Redio akasema, ameegemea ukuta.

Kinyozi aliyasikia yote, maana bomba halizibi masikio ya mtu anayetaka kusikia. Akamfuata Redio dirishani, safari hii bila utani.

"Dada, mwili wako umelala. Mimi nilipougua niliinuka nikaanza mazoezi, kukimbia, kuruka. Sasa niangalie. Usiubembeleze, uamshe!"

Ushauri ulimwingia. Jumanne Redio aliamka na nguvu kidogo, zile siku nzuri zinazokuja zenyewe bila kutoa taarifa, akaamua kuumaliza ugonjwa kwa siku hiyo moja. Alifua mapazia. Alisugua sakafu. Alihamisha kabati akafagia nyuma yake, akakuta bangili iliyopotea tangu mtoto wao wa mwisho hajaolewa. Mchana akaenda saluni, akapanda ngazi, akashuka, akapanda tena, anaimba, muuza misumari anamshangaa. Jioni alimpigia mumewe soga mpaka mtu akasinzia kwa furaha.

Jumatano alikuwa hawezi kuinua kikombe.

Si kuchoka kule kwa kawaida, unalala unaamka kumeisha. Ilikuwa kama mtu amempitia usiku akamchomoa mifupa. Mwanga unamuumiza, sauti zinamuumiza, akigeuka upande wa pili moyo unakwenda mbio. Seremala akafunga karakana, akamkodia gari, akampeleka hospitali bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri wa mwanao. Akampima mapigo ya moyo amelala, akampima tena amesimama, akasikiliza mapafu, akampeleka kwenye kipimo cha moyo na damu. Akamwuliza maswali mengi na kumngoja ajibu, hata pale Redio alipotafuta neno na kulikosa.

"Mama, ulipata korona?"

"Nilipata, ikaisha."

"Virusi huenda vimeondoka. Lakini vimeacha vurugu ndani, na mwili bado unasafisha. Pumzi kukatika, moyo kwenda mbio ukisimama, kusahau, kuchoka kusikolingana na kazi uliyofanya. Wengine hata pua inakosa harufu. Inawapata watu wengi, hata ambao hawakuumwa sana. Wewe si mvivu, wala huna wazimu."

Redio alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa maneno hayo. Machozi yakamtoka, akayafuta haraka, akasema ni vumbi. Chumba kile kilikuwa kimepigwa deki sasa hivi.

"Basi nipe dawa, mwanangu, nimalize."

"Dawa ya kuifuta mara moja bado haipo. Tutatibu kila kinachosumbua. Vipimo vyako vya moyo na mapafu havina cha kututisha leo. Lakini ukisikia kifua kinauma, au mguu mmoja unavimba, usingoje hata kidogo, njoo hapa mbio." Akajishika. "Hapana. Usije mbio. Uletwe."

"Na hii ya leo?"

"Jana ulifanya nini?"

Seremala akajibu yeye. "Alifua mapazia. Akapanda ngazi za kazini kwa mazoezi."

"Hapo ndipo ulipojiangusha. Ugonjwa huu haupendi kushindwa kwa mabavu. Ukitumia nguvu zote siku moja, unazilipia siku zinazofuata. Pumzika kabla hujachoka, siyo baada."

"Nipumzike kabla sijachoka? Kwetu huyo ana jina lake."

"Na kwangu ana jina lake. Anaitwa mgonjwa anayetaka kupona." Binti huyo naye alikuwa na ulimi. Redio akaanza kumpenda. "Kazi yako unaifanya umesimama?"

"Nimesimama, na nikiongea."

"Ifanye umekaa. Na ukisuka, suka. Ukiongea, ongea. Vyote viwili kwa pamoja pumzi yako ya sasa haitoshi."

Redio alimtazama kama aliyeambiwa achague mtoto mmoja. Seremala aliangalia dari. Ni mtu mwema, alijizuia kucheka mpaka walipofika nje.

"Nitapona, mwanangu?"

"Wengi wanapata nafuu, kidogo kidogo. Tarehe siwezi kukuahidi, nisije nikakudanganya."

Nyumbani Redio alilala akitazama ukuta. Kilichomsumbua si kuumwa tena. Kuumwa kumeshapata jina, na kitu chenye jina unaweza kukitukana. Kilichomsumbua ni Ijumaa. Akisuka kimya, mikono haijui njia. Akisuka kwa kisa, pumzi inakwisha kabla mjomba hajafika kwa wakwe. Vyovyote vile dirisha linakwenda.

"Nisimwambie Bosi," akasema. "Nikajikaze siku hiyo moja tu."

"Jumanne ulijikaza," mumewe akamjibu, akatoka, akarudi na futi yake mkononi.

Akampima kuanzia sakafuni mpaka kwenye kiwiko, akaenda karakana. Alhamisi nzima Redio alikaa kama alivyoambiwa, hakugusa hata ufagio, na huko karakana randa ikawa inaimba. Jioni seremala akaingia na stuli ndefu, ya mbao nyepesi, ina mahali pa kukanyagia na kiegemeo kifupi cha mgongo. Chini ameifunga magurudumu aliyoyang'oa kwenye kabati la duka lililofungwa. Unakaa juu yake, unasukuma kwa mguu, unazunguka kichwa cha mteja mzima bila kusimama.

Redio akaikalia. Akasukuma, akateleza mpaka mlangoni, akarudi.

"Baba watoto," akasema, "ningejua unaweza hivi ningeugua mapema."

Ijumaa seremala alipandisha stuli kwanza, kisha akarudi kumpandisha mwenyewe. Walipanda kwa vituo, wanasimama, wanasalimia watu, wanapanda tena. Safari hii Redio hakujifanya anafunga kamba za kandambili.

Saluni ilikuwa imejaa. Mwalimu Mkuu amevua kilemba. Bosi ameketi mkabala na kioo, mikono kifuani. Mama Mkate, anayeuza mikate pale chini na kusukwa kila mwezi, alikuwa anangoja zamu yake pamoja na wengine wawili watatu. Wote wakageuka kutazama stuli ikiteleza sakafuni.

Na Redio akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akatangaza habari yake mwenyewe.

"Sikilizeni, maana nitasema mara moja, pumzi ni chache. Korona iliniacha hivi. Sijapona. Nilikuwa nawadanganya. Daktari amesema nisuke nimekaa, na nikisuka nisiongee. Mwalimu, kichwa chako nilikiharibu kwa sababu kisa kilinipotea. Leo nitasuka kimya. Sijui kama naweza."

Bosi alikunja uso, si kwa hasira. Mwalimu akageuka akakaa sawa, shingo imenyooka.

"Suka," akasema.

Redio akashika nywele juu ya sikio la kushoto. Akazigawa. Akaanza mstari, vidole vikaenda, vikasita. Akaufumua. Akaanza tena. Saluni nzima kimya, unasikia bomba likidondosha tone. Mahali pale hapajawahi kuwa kimya tangu papakwe rangi.

Pazia likafunguka kidogo, kichwa cha Kinyozi kikatokeza. "Vipi? Umeme umekatika?"

"Nyamaza!" wakamwambia wote kwa pamoja.

Redio akaufumua mstari mara nyingine. Kwenye kioo aliliona dirisha nyuma yake, na barabara yote.

"Mjomba," Mama Mkate akasema kutoka kwenye benchi, kama mtu anayejiongelesha, "aliamka asubuhi mapema, akachota maji ya kuoga."

Vidole vya Redio vikashika njia.

"Akajisugua kwa jiwe mpaka magoti yakang'aa," Mama Mkate akaendelea, sauti imepanda. "Akasema, leo wakwe watajua wamepata mtu."

Mstari ukalala. Wa pili ukaufuata, umenyooka kama uzi. Mama Mkate alisimulia kwa mikono yote miwili, na sikio la kushoto likaisha. Aliposhikwa na kikohozi cha kicheko, mwenzake wa pembeni akampokea.

"Basi akavaa ile suti ya kuazima, ya bluu..."

Redio hakusema neno. Alivuta tu mstari aliokuwa ameushika.

"Aii!" Mwalimu Mkuu akaruka. "Ya kahawia! Suti ni ya kahawia, bluu umeitoa wapi?"

"Kumbe Mwalimu huwa husinzii!"

"Nafumba macho. Kusinzia ni jambo lingine. Endelea, na uangalie unachosema, kichwa ni changu."

Kuanzia hapo mchezo ukawa na sheria. Anayekosea kisa, Mwalimu ndiye anayevutwa nywele, na Mwalimu ndiye anayekemea. Suti ikawa fupi mikononi, sawa. Viatu vikawa vya baba yake. Mstari ukavutwa. Aii, vya jirani! Watu walikuwa wanafuta machozi kwa taulo za Bosi. Utosini Redio alihisi moyo unaanza kwenda mbio, na bado hajachoka. Akakumbuka binti yule wa hospitali. Akaweka chanuo mapajani, akaegemea kiegemeo cha mumewe, akafumba macho.

"Mbona umesimama?" akauliza aliyekuwa anasimulia.

"Anapumzika," Mwalimu akajibu. "Na mjomba naye apumzike. Hakuna kuendelea mpaka mwenyewe arudi."

Mjomba akakaa njiani na suti yake ya kuazima, wateja wakanywa chai, na dunia haikuisha. Redio alipofungua macho, akaonyesha kwa kidole: haya.

"Akafika mlangoni kwa wakwe," Mama Mkate akasema. "Akabisha hodi."

Kisha akanyamaza. "Halafu nani alifungua? Binti mwenyewe au mama mkwe?"

Wakatazamana. Palepale. Mahali palepale ambapo kisa kilimpotea Redio, na sasa hata wao hawakuwa na uhakika. Redio akatafuta kichwani mwake, akakuta ubao mtupu. Kushoto pamekwisha, kulia hapajaanza. Bosi akasogea mbele kwenye kiti chake.

"Karibuuu, mkwe!" ikalia sauti nyembamba ya kike nyuma ya pazia. "Mbona unatoka jasho namna hiyo? Umekimbizwa?"

Alikuwa Kinyozi. Miaka yote amenyoa nyuma ya kitambaa kile akisikiliza, na alikuwa ameshika kila sauti, ya mama mkwe, ya mjomba, mpaka mlio wa kitasa. Akatoka, chupa ya manukato mkononi, akawa mama mkwe mzimamzima, nyonga moja huku, nyingine kule. Redio alicheka bila sauti, kichwa chini, vidole vinakwenda. Mlango wa choo ukagoma. Mjomba akasukuma. Mwalimu Mkuu akapiga chafya.

"Kijana! Hayo manukato unamwaga kwa ndoo?"

Kinyozi akaishusha chupa. "Mwalimu, sijui yanatosha au hayatoshi. Siyasikii. Tangu nilipougua ile korona, pua haisikii kitu. Hata chakula kikiungua."

Redio akaizungusha stuli taratibu mpaka wakatazamana, akatumia pumzi aliyokuwa ameiweka akiba.

"Na wewe ndiye uliyenipandisha ngazi!"

Hapo hata Bosi alishindwa. Alicheka mpaka kiti kikalia. Akainuka, akamnyang'anya Kinyozi chupa, akaiweka juu ya kabati. "Jumatatu unakwenda kwa daktari wake. Mpaka akuone, manukato napima mimi." Kisha akamgeukia Redio. "Malizia."

Kwenye sikio la kulia wakwe wakaleta shoka, mlango ukapasuliwa, mjomba akatoka na kusema maneno yake ya mwisho, yale ambayo saluni nzima iliyasema kwa sauti moja: "Nimekuja kuposa, samahani kwa kuchelewa."

Bosi alichukua kioo cha mkono. Akasimama kushoto kwa Mwalimu, akaangalia. Akazunguka, akasimama kulia, akaangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana ni mwanamke anayependa kungojewa.

"Namwona Mwalimu," akasema.

Redio akaegemea, akafumba macho tena.

"Kila siku utasuka vichwa vichache," Bosi akaendelea kwa sauti yake ileile ya chini, "na siku mwili ukikataa, utanitumia habari, hutajikokota. Yule mwanamke namwambia aje. Akae mlangoni, kwenye vumbi, kama tulivyokaa wote. Dirisha lina mwenyewe."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Redio hajapona kabisa, na ukimuuliza anakuambia hivyohivyo bila kuzunguka. Kuna asubuhi stuli inabaki imepinduliwa juu ya meza, basi watu wanajua, hawapigi simu. Kuna wiki anapanda ngazi zote akisimama mara moja tu, na muuza misumari anampigia makofi. Pua ya Kinyozi imeanza kusikia kahawa, na siku aliyoisikia mara ya kwanza alipita kwa kila mteja akimpulizia kikombe usoni.

Ila kusukwa kwa Redio siku hizi kuna masharti. Ukikaa kwenye kiti chake anakuuliza kwanza, "Cha mjomba unakijua?" Kama hukijui, unakaa kwenye benchi ufundishwe. Na Mwalimu Mkuu, ambaye sasa hafumbi hata jicho, ameanza kuongeza vyake. Juzi alisema mjomba alikuwa amevaa kofia.

"Aii!"

"Haya, haya. Hakuwa na kofia."